Naomba ushauri: magari ya kukunja paa kwenye siku yetu ya kukimbiza, upinde wa chuma uwe lazima?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo kabla kikao cha Jumamosi hakijatuvuruga.

Sisi ni wapenda magari tu hapa Dodoma. Tumeazimwa kiwanja cha lami cha mtu binafsi nje ya mji, tutakimbiza moja moja, kwa kupimana muda. Kofia ngumu na mkanda hakuna anayebisha. Ugomvi uko kwa wenzetu wawili wenye Mazda MX-5, kile kigari cha viti viwili cha paa la kukunja, na mimi ndiye nimebebeshwa kuandika masharti.

Gari la paa la turubai likipinduka, kinachobaki kukukinga kichwa ni fremu ya kioo cha mbele, nayo hulala. Kwa hiyo nataka upinde wa chuma nyuma ya viti, na kipimo cha fimbo: unalaza ufito kutoka juu ya upinde hadi juu ya kioo, dereva amekaa na kofia yake, isiguse. Mmoja wao ni mrefu kama mlingoti, sijui tutamshushaje kiti.

Huyo anasema fundi wake wa mageti atamchomelea bomba kwa bei ya kishkaji. Bomba la geti jamani! Mwingine anataka mikanda ya mashindano, ile inayokubana mabega yote mawili kwenye kiti, bila upinde. Hiyo naiogopa zaidi, maana inakubana wima wakati gari linakulalia.

Niwakatalie kabisa, au wazunguke taratibu bila kupimwa muda? Na aliyewahi kuagiza upinde wa MX-5, ulifungwaje kwenye bodi?