Acheni kuuita uchaguzi wa Uingereza wa 2024 "wimbi la kushoto". Someni hesabu kwanza

Wakuu, inaudhi. Kila ukitajwa uchaguzi wa bunge la Uingereza wa Julai 4, 2024, watu wanaandika kwamba Waingereza "wamehamia kushoto", yaani kwenye siasa za kodi na huduma zaidi za umma, na wengine wanaongeza kwamba wapinzani wa kwetu wakajifunze kwa Labour, chama kilichoshinda, namna ya kuvuta wananchi. Wakajifunze nini? Wananchi hawakuvutwa. Chukueni kalamu.

Mwaka 2017, Labour ya Jeremy Corbyn, mtu wa kushoto hasa, ilipata kura milioni 12.9, asilimia 40. Viti 262, ikashindwa. Mwaka 2019, Corbyn yuleyule, kura milioni 10.3, asilimia 32.1, viti 202. Ikaitwa aibu ya karne. Mwaka 2024, Labour ya Keir Starmer ikapata kura milioni 9.7, asilimia 33.7. Viti 411 kati ya 650.

Rudieni mstari huo. Kura zimepungua kwa zaidi ya nusu milioni kutoka kwenye ule uchaguzi wa aibu, viti vimezidi maradufu. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 60 tu ya walioandikishwa. Kwa hiyo katika kila watu kumi walio kwenye daftari, wawili ndio waliochagua chama kilichopewa karibu theluthi mbili ya bunge. Mtu akija hapa kuniambia hiyo ni sauti ya taifa, anieleze wale wanane wako wapi.

Sasa tatizo lilipo. Kila jimbo ni uchaguzi unaojitegemea. Anayeongoza anachukua kiti, hata kama ameongoza kwa kura moja, na kura za wengine wote katika jimbo hilo zinaishia hapohapo. Haziendi popote, hazijumlishwi na za jimbo jirani. Hakuna duru ya pili, hakuna sharti la kuvuka nusu. Hendon, kaskazini mwa London, Labour walichukua kwa tofauti ya kura 15. Poole kwa kura 18. Jimbo la South West Norfolk, alikoangushwa waziri mkuu wa zamani Liz Truss wa Conservative (chama cha kulia kilichokuwa madarakani), mshindi wa Labour alipata kura 11,847, yaani asilimia 26.7. Karibu watu watatu kati ya wanne hawakumtaka, na ndiye mbunge. Truss alikuwa nyuma yake kwa kura 630, Reform UK, chama cha kulia zaidi, wakashika nafasi ya tatu na kura karibu elfu kumi, na mgombea binafsi akaondoka na elfu sita na ushee. Hizo za Reform nyingi zilikuwa za Conservative mwaka 2019. Kambi ya kulia iligawana nyumba, mgeni akaingia kwa mlango wa mbele.

Hiyo picha izidisheni kwa majimbo mengi, mmeshaelewa uchaguzi mzima. Conservative walianguka kutoka asilimia 43.6 hadi 23.7, lakini hawakuangukia mikononi mwa Labour. Wengi walikwenda Reform, wengine walibaki nyumbani. England kwenyewe Labour ilipanda kwa nusu asilimia tu. Wales ilishuka, kutoka karibu asilimia 41 hadi 37, na bado ikachukua viti 27 kati ya 32. Scotland ndiko ilikopanda kwelikweli, kwa sababu SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge, walikuwa wameporomoka: asilimia 35 ya kura ikaipa viti 37 kati ya 57, kutoka kiti kimoja.

Na msiniambie mfumo unaumiza vyama vyote sawasawa. Gawanyeni kura kwa viti. Labour ilihitaji wastani wa kura kama 23,600 kwa kila kiti. Liberal Democrats, chama cha katikati, karibu 49,000, Conservative kama 56,000. Greens, chama cha mazingira, ambao ndio wa kushoto hasa kwa sera zao, walikusanya kura zaidi ya milioni 1.8 wakaambulia viti vinne, zaidi ya 450,000 kwa kiti. Reform kura milioni 4.1, viti vitano, zaidi ya 800,000 kwa kiti. Siasa za Reform sizipendi hata chembe, lakini kura ni kura. Raia wa Clacton, jimbo lililochagua Reform, na raia wa Hendon wanalipa kodi ileile.

Liberal Democrats ndio waliocheza akili. Kura zao hazikuongezeka, ila walizielekeza kwenye majimbo waliyokuwa wa pili nyuma ya Conservative, wakatoka na viti 72. Wapinzani wa kwetu wakitaka somo, liko hapo: kuchagua majimbo, kuachiana, kutosimamisha wagombea watatu mahali ambapo mmoja angeshinda.

Kuhusu hilo neno "kushoto". Labour waliingia kwenye kampeni wakiapa kutopandisha kodi ya mapato, bima ya taifa wala VAT. Mpango wao wa pauni bilioni 28 kwa mwaka za nishati safi walikuwa wameshaufuta Februari. Corbyn walikuwa wamemnyima tiketi ya chama, akagombea Islington North kama mgombea binafsi, akawashinda kwa kura zaidi ya 7,000. Tarehe 23 Julai, hata mwezi haujaisha, wabunge saba wa Labour walisimamishwa uanachama wa kundi la bunge kwa kosa la kupiga kura ya kuondoa kanuni iliyoishia kutoa posho kwa watoto wawili tu wa familia. Mtoto wa tatu alinyimwa, aliyemtetea akaadhibiwa. Serikali imesogea kushoto ukilinganisha na iliyotoka, hilo nakubali. Lakini wimbi?

Jirani zao Wafaransa walipiga kura ya mwisho siku tatu baadaye, Julai 7. Huko muungano wa vyama vya kushoto uliongoza kwa viti, lakini mbali na 289 vinavyohitajika kati ya 577, na Septemba Rais Macron akamteua Michel Barnier, mtu wa kulia. Kwa hiyo wiki hiyohiyo moja, waliopata theluthi ya kura walipewa kila kitu, na waliotangulia ng'ambo ya bahari hawakupewa serikali. Kanuni ndizo zinazotoa ushindi, na ndizo hamtaki kuzisoma.

Zinatuhusu. Majimbo 290 ya Kenya yanachaguliwa kwa kanuni hiyohiyo tuliyoachiwa na Mwingereza. Rais wa Kenya lazima avuke nusu ya kura na apate robo katika zaidi ya nusu ya kaunti, mbunge anapita na chochote. Tanzania majimbo ni hivyohivyo, ila viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Maana yake chombo cha kugawa viti kwa haki tunacho mkononi, tumekifungia kwenye kona moja.

Linalonikera kuliko yote ni ndugu zetu walioko Uingereza kwenyewe. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali, hata kwa viza ya masomo, ana haki ya kupiga kura ya ubunge. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, wote wamo. Mkongo na Mrundi hawamo, mpaka wapate uraia. Hendon iliamuliwa kwa kura 15, halafu mtu ana haki hiyo miaka sita na hajawahi kujiandikisha kwa sababu "siasa zao hazinihusu". Ada ya viza, tozo ya afya kwa wahamiaji, vyote vinaamuliwa na hao wabunge.

Yanayokwamisha yanajulikana. Mwaka 2024 uandikishaji ulifungwa Juni 18 saa 5:59 usiku. Ombi la kura ya posta Juni 19 saa 11 jioni. Uchaguzi uliitishwa Mei 22, uteuzi wa wagombea ukafungwa Juni 7, karatasi haziwezi kuchapwa kabla ya hapo, kwa hiyo bahasha za posta nyingi zilichelewa na wengine hawakuzipata kabisa. Ukiweza, nenda kituoni mwenyewe, saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Ukitumia posta, saini na tarehe ya kuzaliwa lazima zilingane na ulizojaza kwenye ombi, la sivyo kura inatupwa. Usiitumbukize kwenye sanduku la barua la halmashauri, haihesabiwi. Ipeleke kituoni na ujaze fomu. Kitambulisho: pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika hata kama muda wake umekwisha, mradi sura ni yako. Kadi ya chuo haikubaliki. Kadi ya usafiri ya London ya wazee wa miaka 60 inakubalika, ya mwanafunzi haikubaliki. Aliyetunga hilo alijua anamzuia nani.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kama Labour watakaa miaka kumi: Reform walishika nafasi ya pili katika majimbo 98. Katika 89 kati ya hayo, aliyekuwa mbele yao ni Labour. Uchaguzi ujao hauwezi kupita Agosti 2029, na kanuni ni ileile iliyowapa 411.