Mpwa wangu amempenda mhalifu wa riwaya yangu

KalamuArua: Habarini. Naandika riwaya fupi, nimefika sura ya tisa. Msichana wa miaka 15, senia tatu (kidato cha tatu), anarubuniwa na mwalimu wake wa hesabu. Ya chumbani siandiki. Mlango ukifungwa nami nabaki nje. Ninachofuata ni yanayotangulia: seti ya jometri anayomnunulia, vocha ya elfu mbili, "wewe una akili za mtu mzima", halafu "usiwaambie wenzako, watakuonea wivu".

Juzi nikampa mpwa wangu wa miaka 17 asome. Kanirudishia daftari anacheka: "Mjomba, huyu mwalimu mtamu! Wataoana?" Usingizi ulinipaa. Msimulizi ni mwalimu mwenyewe, nilidhani msomaji atamshtukia. Nimfanye mbaya waziwazi tangu sura ya kwanza?

MamaTatu_Jinja: Usithubutu, kaka. Wa kwangu hakuwa na pembe. Alikuwa kiongozi wa kwaya, ananibebea jerikani kutoka bombani, na mama alikuwa akimwekea chai ya maziwa (sisi tulikunywa ya rangi). Mama alirubuniwa kabla yangu. Nilipokuja kusema, kikombe chake bado kilikuwa kwenye kabati ya wageni. Kwenye sura zako tisa, mama wa msichana yuko wapi?

Msomaji_Wandegeya: Tatizo lako ni la zamani. *Lolita*, riwaya ya Nabokov, ilitoka Paris mwaka 1955, na hadi leo wapo wanaoiita hadithi ya mapenzi, kwa kuwa Humbert, mhalifu anayeisimulia mwenyewe, anajua kupanga maneno. Mtoto mwenyewe anaitwa Dolores, ana miaka 12 mambo yanapoanza. Lakini kuna mahali Humbert anaponyokwa na neno: kila usiku, akijifanya amelala, alikuwa akimsikia analia. Anapita hapo haraka haraka. Mwache mwalimu wako aseme, ila naye aponyokwe.

Mzee_Kasese: Huyo mpwa kauliza swali ambalo wazee huliuliza chini ya mwembe huku wanahesabu mbuzi. Nimekaa vikao hivyo, na sijivunii. Sheria ya Uganda iko wazi: chini ya miaka 18 hakuna cha "alikubali", na tangu marekebisho ya 2007, mkosaji akiwa mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, kosa linakuwa zito zaidi, adhabu yake ya juu ni kifo. Lakini tafadhali usituwekee hakimu wa kutuhutubia sura nzima. Tuwekee mbuzi.

KalamuArua: Asanteni. MamaTatu, pole sana. Mama nilikuwa nimemsahau kabisa, na nimeona aibu. Sasa yupo, na kikombe kipo, kama utaniruhusu.

Mwalimu nimemwacha na utamu wake. Nimeongeza ukurasa mmoja tu. Amina, rafiki wa yule msichana, anamwekea nafasi kwenye benchi saa ya posho na maharage. Siku nne mfululizo haji. Siku ya tano Amina anaweka mfuko wake pale. Mwalimu anayasimulia hayo kwa majivuno, eti msichana "ameacha utoto".

Mpwa kasoma jana usiku. Safari hii hakucheka. Kaniuliza kama Amina alimwambia mtu.