Ctrl+Z ya Photoshop na ya Word zinapishana, naombeni ushauri

KaratasiA4:
Wakuu, habari za mchana. Nipo steshenari, mashine moja ya Windows 10 yenye Word, Excel na Photoshop. Njia za mkato zinagongana mpaka naogopa kuzigusa. Nikibonyeza Ctrl+Z kwenye Photoshop kazi hairudi nyuma, ila rangi za picha zinapauka. Nikihamia Word, Ctrl+Z ni nzima. Baada ya muda hali inageuka: Photoshop inapona, Word inaugua. Excel ndiyo balaa. Nimefuta mstari mmoja wa orodha ya wanafunzi kimakosa, nikabonyeza Ctrl+Z urudi, ukafutika na uliofuata. Kuna programu gani ya kulazimisha vitufe vifanane kote? Kazi inatakiwa kesho asubuhi.

MzeeWaLeya:
Mkuu, haziwezi kufanana, kila kampuni ilipanga vitufe vyake. Cha kuogopa si Ctrl+Z. Ogopa Ctrl+E: kwenye CorelDRAW, ile programu ya kuchora, inatoa faili nje, kwenye Photoshop inaunganisha leya (matabaka ya picha) bila kukuuliza, ukihifadhi na kufunga huzipati tena. Ctrl+Q kwenye CorelDRAW inageuza maandishi kuwa mistari, kwenye Photoshop inafunga programu nzima. Ctrl+U kule inatawanya kundi, huku inafungua dirisha la rangi. Ingia Photoshop, bonyeza Ctrl+Alt+Shift+K, tafuta "Merge Layers" chini ya menyu ya Layer, ifutie kitufe chake. Hifadhi mpangilio huo kwa jina lako ili uweze kuurudisha.

KaratasiA4:
Asante mkuu, lakini CorelDRAW sina. Shida yangu ni Ctrl+Z.

BintiSafu:
Jifunzeni kuhifadhi kazi kabla ya kuhariri, hayo mengine yatafuata. Orodha ya wanafunzi ni amana ya watu. Tengeneza nakala ya faili, fanyia kazi nakala. Na mstari ukishafutika, achana na vitufe, nenda kwenye mshale wa kurudisha nyuma pale juu kushoto, ubonyeze kwa mausi. Huo haudanganyi.

Nukta_Pacha:
Dalili zako zinasema kitu kimoja: unapobonyeza Z, programu inapokea Y. Ctrl+Y kwenye Photoshop ni kuonyesha rangi zitakavyotoka kwenye uchapaji, ndiyo maana zinapauka. Tazama jina la faili pale juu, utaona RGB/8/CMYK, hiyo CMYK ndiyo rangi za uchapaji. Picha haijaharibika, ingia View uondoe tiki ya "Proof Colors". Ctrl+Y kwenye Excel ni kurudia tendo la mwisho. Ulifuta mstari, wa chini yake ukapanda mahali pake, ukaiambia ifute tena. Sasa nijibu: kibodi yako ina maandishi gani? Ctrl imeandikwa Ctrl au Strg, kama za Kijerumani?

KaratasiA4:
Imeandikwa Ctrl.

Nukta_Pacha:
Imeandikwa kiwandani au ni stika?

KaratasiA4:
Ni stika. Mashine ni mtumba wa Ujerumani, fundi akabandika stika za Kiingereza. Lakini hilo alishalimaliza, aliniwekea programu ndogo ya kubadilishana Y na Z, inawaka yenyewe mashine ikiwaka. Kwa hiyo kibodi haina tatizo, naomba turudi kwenye Photoshop.

MzeeWaLeya:
Hilo ndilo ungeanza nalo! Programu ipi?

KaratasiA4:
AutoHotkey. Ndani kuna skripti ya mistari miwili, y::z na z::y, yaani Y iwe Z na Z iwe Y. Sitaki kuiondoa, nimeilipia, na kwenye Word inafanya kazi.

ChujioLaHabari:
Wakuu, hii ni chai. Ile mistari miwili inabadilisha vitufe kwenye mashine nzima. Ikikosea, ikosee Word na Photoshop kwa pamoja. Huyu anasema moja ikipona nyingine inaugua, kama mapacha wanaopokezana homa. Hakuna kompyuta ya hivyo. Mleta mada anatafuta wateja wa hizo skripti, ngojeni atalitaja duka.

KaratasiA4:
Sina duka la skripti, kaka. Nina orodha ya wanafunzi ya kukabidhi kesho.

BintiSafu:
Kumwita mtu mwongo kabla ya kumpa kipimo si haki. Mpeni kipimo.

Nukta_Pacha:
Kipimo hiki hapa. Fungua Word wakati imeugua, andika neno kazi. Kisha bonyeza kitufe cha kulia kwa L. Halafu tazama pembeni ya saa, chini kulia, pameandikwa nini. Ukimaliza, bonyeza ikoni ya Photoshop kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Compatibility, uone kama "Run this program as an administrator" ina tiki.

KaratasiA4:
Kazi imetoka "kayi". Kitufe cha kulia kwa L kimetoa nukta mkato. Chini pameandikwa ENG, na asubuhi palikuwa DEU, Word ikiwa nzima. Tiki ipo, fundi aliiweka ili Photoshop isigome kufunguka.

Nukta_Pacha:
Basi si chai. Windows hairuhusu programu ya kawaida kuingilia vitufe vya programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Skripti inafika Word na Excel, haifiki Photoshop. Mpangilio ukiwa DEU, Kijerumani kinapindua Y na Z, skripti inazipindua tena, Word inapata herufi sahihi. Photoshop imebaki na Kijerumani kitupu. Ukihama kwenda ENG, Photoshop inapata Z ya kweli, lakini skripti inaendelea kupindua kwenye Word. Haziwezi kupona pamoja.

ChujioLaHabari:
Sawa, nimeelewa na chai naifuta. Swali moja: nani anahamisha DEU kwenda ENG?

Nukta_Pacha:
Alt ya kushoto pamoja na Shift. Ndiyo njia ya mkato ya Windows ya kubadili lugha. Kwenye Photoshop, hasa za kabla ya CC 2019, unazibana zote mbili unapovuta picha ikue kutokea katikati. Mausi haihesabiwi kama kitufe, ukiachia lugha inahama.

KaratasiA4:
Kwa hiyo nikiiwasha skripti nayo kwa mamlaka ya msimamizi, yote yatafanana na naibakiza?

MzeeWaLeya:
Yatafanana kuharibika. Siku lugha ikihama, Word, Excel na Photoshop zitapinduka kwa wakati mmoja.

KaratasiA4:
Lakini fundi alisema nikitoa Kijerumani vitufe vingine vitakufa.

Nukta_Pacha:
Havifi. Mpangilio ni wa Windows, kibodi inatuma namba ya kitufe tu. Hata kile cha ziada pembeni ya Shift ya kushoto kitatoa \. Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza bonyeza ile H ya kijani pembeni ya saa kwa kitufe cha kulia cha mausi, Exit. Bonyeza Win+R, andika shell:startup, ukiikuta skripti humo ihamishe. Kisha Settings, Time & Language, Language: hakikisha English (United States) ipo na kibodi yake ni US, ndipo uondoe Deutsch. Rudi mwanzo wa Settings, Devices, ukurasa wa Typing, "Advanced keyboard settings", "Input language hot keys", "Change Key Sequence", weka "Not Assigned" pande zote mbili. Anzisha mashine upya. Alama ya @ sasa ni Shift+2, ile AltGr+Q ya Kijerumani haitafanya kazi tena.

KaratasiA4:
Word na Photoshop zote sawa kabla ya kuzima. Nimewasha upya, sasa nywila inakataliwa! Ina herufi z.

Nukta_Pacha:
Ukurasa wa kuingilia una mipangilio yake, bado ni wa Kijerumani. Bonyeza kitufe chenye stika ya Y mahali pa z, na utumie alama ya jicho kuona unachoandika. Ukiingia, rudi kwenye Language, "Administrative language settings", "Copy settings", tia tiki "Welcome screen and system accounts", kubali, washa upya. Usiporuhusu hatua hiyo, DEU inaweza kurudi yenyewe kwenye orodha.

KaratasiA4:
Nimeingia. Nafanya hiyo ya kunakili sasa hivi, halafu naifungua orodha.

BintiSafu:
Fungua nakala, ile halisi iache.