Photography, photographer, photographic: mkazo unakaa wapi jamani?

mgeni_porini:
Wakuu habarini, naomba msaada. Najifunza kuongoza watalii huku Arusha, Kiingereza cha kusoma sio kibaya ila maneno marefu yananiangusha. Juzi nimemuuliza mgeni kama anapenda photography, nikatamka foto-GRA-fi, akabaki ananiangalia, nikarudia mara tatu wapi, mpaka nilipoonyesha kamera ndo akaelewa. Imeniuma kweli. Hizi silabi mnazikataje na mkazo mnajuaje unakaa wapi?

mwl_zamu:
Pole sana ndugu. Neno unalijua, ila umelipa mkazo wa Kiswahili. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe refu vipi, SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na, hata la kuazima tunalivuta hukohuko, Mwingereza anasema PEN-sil sisi pen-SE-li. Kwao mkazo unahama, na mara nyingi mkia wa neno ndo unauhamisha. Photograph ni FO-to-graf, photography ni fo-TO-gra-fi, photographic ni fo-to-GRA-fik. Yenye mkia -tion kaza silabi iliyo kabla ya huo mkia, e-du-KEI-shen, na -ity hivyohivyo, ri-spon-si-BI-li-ti. Ukiwa na wasiwasi fungua kamusi, kile kistari kilichosimama juu kinakaa KABLA ya silabi yenye mkazo, wanafunzi wengi wanadhani ni baada.

binti_mapokezi:
Naongezea hapo kwa mwalimu. Sisi kila irabu tunaipa haki yake, wao isiyo na mkazo wanaimeza. Mimi niko mapokezi hotelini, nilikuwa nasema komfo-TEI-bo kila siku, kumbe comfortable wengi wanaitamka silabi tatu tu, KAMF-ta-bo, na vegetable ni VEJ-ta-bo. Kilichonisaidia ni kugonga meza, silabi ya mkazo nagonga kwa nguvu na kuivuta kidogo, zingine nazipitia haraka.

mgeni_porini:
Asanteni sana, nimefungua kamusi sasa hivi, hippopotamus ina vistari viwili, kimoja chini mwanzoni kabisa na kimoja juu kabla ya po ya kwanza, kwa hiyo ni hi-po-PO-ta-mas au nimekosea?

mwl_zamu:
Hapo kwenye kuandika tu, cha juu kiko kabla ya PO unayoikaza, yaani silabi ya tatu. Kutamka umepatia kabisa. Cha chini ni mkazo mdogo, usikitilie nguvu sana. Sasa gonga meza na kifaru, rai-NO-se-ros.