Mtoano wa hoki ya barafuni: fedha iwekwe kwa senta, kipa, mabeki au mawinga?

Mkaa Barafuni (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Tangu nihamie Pittsburgh nimekuwa nikisikia kauli moja kwa majirani, kazini na hata kwa kinyozi wangu, kwamba Kombe la Stanley, yaani la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huchukuliwa na timu yenye masenta wawili wa hali ya juu, na kwamba mengine yote ni nyongeza. Nasita kuipokea hivi hivi, kwa sababu mji huu umelelewa na masenta wake Sidney Crosby na Evgeni Malkin, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana naleta ulinganisho huu hapa. Ligi ya NHL ina ukomo wa mishahara tangu 2005, hivyo hakuna klabu inayoweza kununua kila kitu. Ukiwa na fedha ya kusimamisha nguzo moja tu iliyo imara kweli kweli, utaisimamisha wapi?

Kwa wasioufuatilia sana mchezo huu, senta ndiye anayecheza katikati ya mawinga wawili, ndiye anayeinama kugombea puki, kile kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira, kila mchezo unapoanzishwa, na ndiye mshambuliaji ambaye timu ikishambuliwa hurudi hadi karibu na lango lake kuwasaidia mabeki. Winga akiwa na usiku mbaya anaweza kujificha pembeni asionekane. Senta akiwa na usiku mbaya, wote watano walioko barafuni huyumba.

Ushahidi wangu mkubwa ni fainali ya 2017. Pittsburgh ilicheza mtoano wote bila beki wake bora, Kris Letang, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo. Mbele yake ilikuwa Nashville yenye mabeki wanne wa kuonewa wivu: Josi, Subban, Ellis na Ekholm. Hata hivyo Nashville ilikuwa imempoteza senta wake wa kwanza, Ryan Johansen, aliyeumia paja katika fainali ya Kanda ya Magharibi. Timu iliyokosa beki ikaifunga timu iliyokosa senta kwa mechi 4 dhidi ya 2, na Crosby akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwenye maelezo mengine ayalete.

Langoni Daima

Ndugu Mkaa Barafuni, umesimulia harusi bila kumtaja bwana harusi. Katika mechi mbili za mwisho za fainali hiyo unayoisifia, Nashville haikupata hata bao moja: ya 5 iliisha 6 kwa 0 na ya 6 ikaisha 2 kwa 0, na aliyekuwa langoni mwa Pittsburgh ni Matt Murray. Timu isiyofungwa inahitaji bao moja tu, awe amelifunga senta, winga au fundi wa taa.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe ni kipa, tena wa ngazi ya chini kabisa, katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari hapa Nairobi, kwa hiyo nami navutia ngoma upande wangu. Lakini tazama Los Angeles ya 2012. Iliingia mtoano ikiwa ya 8 katika kanda yake, nafasi ya mwisho kabisa ya kufuzu, na ikashinda mechi 16 kwa kupoteza 4 tu. Jonathan Quick alizuia asilimia 94.6 ya mashuti, na wastani wake wa kufungwa haukufika mabao mawili kwa mechi. Mwaka mmoja kabla yake Tim Thomas alikuwa amefanya maajabu kama hayo akiwa na Boston. Mwaka 2003 Jean-Sébastien Giguère wa Anaheim alipewa Conn Smythe ilhali timu yake ilipoteza fainali, na heshima ya namna hiyo haitolewi ovyo.

Kipa hukaa uwanjani dakika zote 60, na mechi ikiingia muda wa nyongeza, anakaa mpaka bao lipatikane, hata kama ni usiku wa manane. Senta bora duniani hucheza kati ya dakika 20 na 25, kisha anaketi benchi akinywa maji. Fedha yangu ingekwenda kwa anayefanya kazi muda wote.

Mzee wa Hesabu

Vijana, nimefurahi kuona mnabishana kwa mifano badala ya kelele. Nimeketi nikahesabu washindi wa Conn Smythe kuanzia 2009 hadi 2025, ambao ni mitoano 17. Masenta wameichukua mara 7: Malkin, Toews, Crosby mara mbili, O'Reilly, McDavid na Bennett. Mawinga wameichukua mara 4, yaani Kane, Williams, Ovechkin na Marchessault. Makipa ni mara 3, Thomas, Quick na Vasilevskiy, na mabeki ni mara 3, Keith, Hedman na Makar.

Mtu mwenye haraka atasema masenta wameshinda. Mimi nasema hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa tuzo hutolewa kwa kura, na kura hupenda hadithi nzuri. Kinachonivutia zaidi ni kutazama nyuma ya wale mawinga wanne. Alexander Ovechkin alipoinua kombe na Washington mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kutolewa mapema, aliyeongoza mtoano wote kwa pointi (mabao yake na pasi zake za mabao kwa pamoja) alikuwa senta wake, Evgeny Kuznetsov, mwenye pointi 32, na bao lililolipata kombe lilifungwa na Lars Eller, senta wa safu ya tatu, yaani kundi la tatu la washambuliaji wanaopokezana kuingia barafuni. Justin Williams alipopewa tuzo mwaka 2014, aliyeongoza kwa pointi alikuwa Anze Kopitar, ambaye ni senta. Marchessault alipopewa mwaka 2023, aliyeongoza alikuwa Jack Eichel, naye ni senta. Katika wanne hao, watatu walikuwa na senta pembeni yao aliyevuna zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa maoni yangu hiyo inazungumza kuliko idadi ya vikombe kabatini.

Sitaki hata hivyo Mkaa Barafuni aondoke akijipongeza. Mwaka 2001 Colorado ilimpoteza Peter Forsberg baada ya raundi ya pili, alipolazimika kuondolewa bandama, na bado ililitwaa kombe katika mechi ya 7 dhidi ya New Jersey. Ilikuwa na Joe Sakic, ni kweli, lakini langoni alikuwa Patrick Roy, na tuzo ya mtoano ule alipewa Roy.

Binti wa Edmonton

Shikamoo Mzee, na wengine habari zenu. Ninaishi katika mji ambao, kama hoja ya masenta ingekuwa kweli kama inavyosemwa, ungekuwa umechoka kwa gwaride za ubingwa. Tuna Connor McDavid na Leon Draisaitl, na sijui jozi nyingine ya masenta katika miaka hii inayoweza kusimama mbele yao. Mwaka 2024 McDavid alimaliza mtoano akiwa na pointi 42, zikiwemo pasi za mabao 34 ambazo ni rekodi, akapewa Conn Smythe, na kombe likaenda Florida katika mechi ya 7 iliyoisha 2 kwa 1. Mwaka uliofuata Draisaitl alifunga mabao manne ya muda wa nyongeza katika mtoano mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na Florida wakatufunga tena, safari hii kwa mechi 6.

Langoni Daima atasema tatizo lilikuwa kipa, na katika fainali ya 2025 hatakuwa amekosea sana, kwa sababu Stuart Skinner, aliyekuwa kipa wetu wakati huo, alitolewa katikati ya mechi mbili mfululizo. Lakini nilizitazama mechi zote kwa makini, nyingine nikiwa nimesimama kwa sababu kuketi kulinishinda, na nilichokiona ni kingine. Florida haikuwa na senta mmoja wa kumzidi McDavid. Ilikuwa na watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa mzigo: Aleksander Barkov, Sam Bennett na Anton Lundell. Barkov alipewa kazi ya kumkaba McDavid, na katika mechi mbili za mwisho za fainali ya 2024 McDavid hakupata pointi hata moja. Barkov alipokuwa anapumzika, walioingia hawakuwa wanangoja arudi, walikuwa wanashambulia. Mwaka 2025 huyo Bennett, ambaye ni senta wa safu ya pili, alifunga mabao 15 akachukua tuzo.

Sisi tulipowaweka McDavid na Draisaitl katika safu moja, tuliogopesha watu kwa dakika 20, kisha dakika 40 zilizobaki tukaomba dua.

Mgeni wa Hoki

Shikamooni wakubwa. Nipo Dar es Salaam, nimeanza kuufuatilia mchezo huu juzi juzi tu kwa kuamka saa tisa usiku, na naomba kueleweshwa jambo moja. Ikiwa senta ni muhimu hivyo, kwa nini mnazungumzia mtoano peke yake? Si anakuwa muhimu vilevile katika msimu wa kawaida?

Mzee wa Hesabu

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo lililopaswa kutangulia. Katika msimu wa kawaida timu hukutana leo, kesho kila mmoja na njia yake. Katika mtoano mnakutana na watu wale wale hadi mara 7 ndani ya wiki mbili, na kocha ana muda wa kumchunguza mpinzani mpaka amjue kwa mwendo. Mchezo ukisimama, kanuni inampa mwenyeji haki ya kubadilisha wachezaji mwisho. Mgeni anatoa safu yake, mwenyeji anaitazama, ndipo anachagua yake. Hivyo nyumbani unaweza kumfuatisha senta wako mkabaji kila anapoingia nyota wa mpinzani, usiku baada ya usiku.

Mfano ni raundi ya kwanza ya 2021. Phillip Danault, aliyekuwa senta wa Montreal, mtu ambaye hakuna anayempa mtoto jina lake kwa heshima, alimkaba Auston Matthews wa Toronto, aliyekuwa ameongoza ligi nzima kwa mabao msimu ule. Katika mechi 7 Matthews alifunga bao moja. Montreal ilikuwa nyuma kwa mechi 3 dhidi ya 1, ikageuza na kusonga mbele hadi fainali.

Langoni Daima

Ambako langoni mwa Montreal alikuwa nani, Mzee? Carey Price! Mnamtoa kipa katika simulizi zote kama mtu anayemtoa mpishi katika sifa za pilau.

Mzee wa Hesabu

Nakubali, Price alikuwa mlima. Katika fainali alikutana na Tampa Bay akafungwa kwa mechi 4 dhidi ya 1, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na Vasilevskiy, na tena kulikuwa na Brayden Point, senta aliyefunga mabao 14 katika mtoano wa 2020 na mengine 14 katika ule wa 2021. Kipa mkubwa anaweza kuifikisha timu ya kawaida fainali. Akifika huko na kukuta kipa mkubwa mwenzake, hoja inarudi kwa waliosimama mbele yao.

Mkaa Barafuni

Nawashukuru wote, na hasa dada yetu wa Edmonton, kwa kuwa amenilazimisha kuisahihisha kauli niliyoingia nayo. Nilikuwa nikisema masenta wawili. Sasa naona hata hapa Pittsburgh tulikuwa tunajisahaulisha wa tatu: mwaka 2009 alikuwa Jordan Staal, na mwaka 2016 Nick Bonino aliyecheza kati ya Hagelin na Kessel. Tampa ya 2020 ilimtumia nahodha wake Steven Stamkos kwa dakika 2 na sekunde 47 tu katika mtoano mzima, akafunga bao moja akaondoka na jeraha lake, na bado ikashinda, kwa kuwa nyuma ya Point walikuwepo masenta Cirelli na Gourde. Toronto, kwa upande mwingine, iliwalipa masenta Matthews na Tavares fedha za wafalme, na tangu Matthews aanze mwaka 2016 hadi mtoano wa 2025 ilishinda raundi mbili tu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba fedha ningeiweka katikati, lakini ningeigawanya kwa watatu badala ya kuimaliza kwa mmoja, na ningebakiza ya kipa ambaye hatatupotezea mechi yeye mwenyewe. Mabeki ningewafuatisha hapo, nikijua Hedman na Makar wangenicheka. Mawinga ningewatafuta sokoni kila mwaka, kwani hao hupatikana.

Langoni Daima

Nitakupa nusu ya hoja na nusu nitabaki nayo. Hapa kwetu timu ya Kenya Ice Lions ilialikwa Canada mwaka 2018, na katika mechi yao wakashtukia Crosby na Nathan MacKinnon wameingia kucheza upande wao. Masenta wawili, kama mnavyoona. Hakuna aliyefikiria kutuletea kipa.

Mgeni wa Hoki

Ahsanteni sana. Leo usiku nikiamka, nimtazame nani?

Binti wa Edmonton

Mtazame senta wa safu ya tatu, mdogo wangu, hasa timu yake ikiwa inaongoza kwa bao moja na puki inaanzishwa upande wa lango lake. Kanuni inamtaka anayelinda aweke gongo lake chini kwanza, kwa hiyo mpinzani wake anapata nafasi ndogo ya kumsoma. Uangalie mkono wake wa chini: akiugeuza kiganja kikaelekea nyuma, anataka kuivuta puki kwa beki wake. Akiipata, utaona kocha mzima anashusha mabega. Akiikosa, mwite Langoni Daima.