Naombeni ushauri: LED kwenye taa ya ampu ya gitaa zinakufa kila nikiweka

Solo_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Ile taa nyekundu ya mbele ya ampu, ya kuonyesha umeme upo, ilikufa. Nilizunguka Kariakoo nikakosa balbu yake, nikachukua LED za kijani. Nikiweka inawaka vizuri, halafu inafifia mpaka inazima. Nifanyeje? Jumapili ampu inahitajika.

Mwana_Ilala: LED za kwenye vifuko nyingi ni magumashi. Mimi nilifunga kwenye bodaboda, nilipofika Buguruni nilikuwa gizani.

Fundi_Redio: Umeme unaoingia kwenye LED ni DC, wa upande mmoja kama wa betri, au AC, wa kugeukageuka kama wa ukutani? Umeutoa wapi?

Solo_Tabata: Ni volti 6 tu mkuu, mdogo sana. Nataka kujua LED ipi ni imara.

Fundi_Redio: Hujajibu.

Solo_Tabata: AC. Ni ampu ya Fender ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti. Waya ni zile zile zinazopasha valvu moto. Lakini rezista ya kupunguza umeme niliweka, muuzaji mwenyewe alinichagulia.

Fundi_Redio: Hapo sasa. Ni volti 6.3 AC, na kilele chake kinafika karibu 8.9. Wimbi likigeuka LED inasukumwa kinyume, na nyingi upande huo hazitakiwi kuzidi volti 5. Weka rezista ya omu 470, kisha dayodi 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na LED, ikiwa imegeuzwa upande wa pili. Balbu haijali AC wala DC, ndiyo maana watu wanasahau.

Mzee_wa_Dansi: Wanangu, sisi tuliosikiliza bendi ya Sikinde pale DDC Kariakoo tukiwa tumening'inia nje, taa nyekundu za ampu zikiwaka tu tulijua kazi inaanza. Kijani hapana. Tafuta balbu.

Solo_Tabata: Shikamoo mzee. Holda ya balbu nimeshaikata na tundu nimelitanua kwa drili, kwa hiyo LED inabaki. Kijani inaonekana vizuri hata mchana. Ila tangu hapo ampu inavuma hata gitaa likichomolewa. Nadhani ni umeme wa mtaani kwetu.

Dada_Sinza: Jumapili? Hiyo ampu ni yako kweli?

Solo_Tabata: Ya kanisa. Nimekabidhiwa niitunze. Nitawaambia ikishapona.

Dada_Sinza: Waambie leo. Mali ya watu haitobolewi kimya kimya.

Kijiwe_Kimoja: Hii chai. Fender za Marekani ni volti 120, Dar tuna 230. Ingeungua siku ya kwanza. Halafu kila ukibanwa unaongeza kipande. Tupe picha.

Solo_Tabata: Sio chai, kanisani kuna transfoma ya kushushia umeme. Kamera ya simu imekufa, ila holda hii hapa mkononi. Nyuma yake zimechomelewa rezista mbili, kila moja ina mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia, dhahabu. Miguu ya upande wa pili ilishikwa kwenye bodi la chuma. Niliikata, nikajua ni za balbu.

Fundi_Redio: Anayetunga hawezi kufika hapo. Omu 100 kila moja, na si za balbu. Zinaushikilia umeme wa kupasha valvu ili pande zake mbili ziwe sawa kwa bodi. Ulipozikata, umeme ule umebaki unaelea, na mvumo wake wa hezi 50 unaingia kwenye sauti. Zirudishe, moja kwa kila waya, ncha za pili kwenye bodi. LED yako iache. Ila chomoa plagi kwanza, subiri, upime kwa mita kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme. Zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 wakati ampu imezimwa. Kama huna mita, usiingize mkono. Mpe fundi.

Kijiwe_Kimoja: Haya, nafuta chai. Picha bado tunaidai.

Solo_Tabata: Mrejesho. Fundi wa jirani ana mita, tumezirudisha pamoja, mvumo umekwisha na LED haijafifia. Mwalimu wa kwaya nimempigia, anakuja kuiona kabla ya mazoezi.

Mzee_wa_Dansi: Hiyo holda usiitupe. Nina redio ya valvu, na holda ya balbu yake imeliwa na kutu. Nitumie ujumbe.