Mafuriko ya Msimbazi: je, kosa ni la waliojenga bondeni peke yao?

Binti wa Tabata anauliza:

Salaam kwenu nyote. Kila masika yanapoingia hurudiwa kauli ileile, kwamba wakazi wa mabondeni wamejitakia wenyewe kwa kuwa waliambiwa wahame wakagoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na sina nia ya kuipinga. Kinachonitatiza ni simulizi la babu yangu, aliyehamia Kigogo miaka ya 1970, kwamba zamani mvua ilinyesha mchana kutwa na usiku kucha ndipo Mto Msimbazi ukavuka kingo zake, ilhali siku hizi mvua ya saa mbili hutosha kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Mtu aliyejenga chini hawezi kuwa ndiye anayeyaharakisha maji yatokayo juu. Je, kutanuka kwa jiji la Dar es Salaam kumeubadilisha mto huu kwa namna gani, na ni haki lawama zote ziishie bondeni?

Mpimaji Mstaafu:

Mwanangu, babu yako ameona sawasawa. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, ukasafiri takriban kilomita 35 kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi kumwagika baharini karibu na Daraja la Selander. Sensa ya 1967 ilikuta jiji halijafikisha watu 300,000. Ile ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Wote hao walihitaji paa, na paa halinywi maji.

Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo pekee hutiririsha lita 5,000, yaani matangi matano ya lita 1,000. Zamani maji hayo yangeangukia majani na mikorosho, yakazama taratibu, na sehemu yake ikaufikia mto baada ya siku kadhaa. Sasa yanaanguka kwenye bati, yanapita juu ya uwanja uliotandazwa vitofali vya saruji, yanaingia mtaroni, na kufika mtoni kwa mkupuo mmoja. Zidisha kwa nyumba zote za Kimara, Segerea, Tabata na Gongo la Mboto, ndipo utaelewa kwa nini mto haukupi hata muda wa kuokoa godoro.

Kisha kuna tope. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na viwanja vya miteremkoni vimeachwa wazi, hivyo udongo huteremka na kutua pale mto unapopungukiwa na kasi, ambapo ni Jangwani. Mchanga ukichimbuliwa chini ya daraja mwaka huu, masika yajayo hujaa tena. Wenzangu kazini walikuwa wakitania kwamba mahali pale pamestahili jina lake.

Mama Vitumbua, Kigogo:

Shikamoo mzee. Mimi ndiye huyo wa bondeni, kwa hiyo naomba niseme kidogo. Kwenye ukuta wa sebule yangu alama ya maji ya Desemba 2011 ingalipo, kiganja kimoja juu ya swichi ya taa. Tumepaka rangi mara mbili na bado inajitokeza. Mafuriko yale yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya majirani zangu wakapewa viwanja Mabwepande. Waliorudi huitwa wakaidi, lakini hesabu yao haikuwa ya ukaidi. Mimi hukaanga vitumbua saa tisa usiku na kuvifikisha Kariakoo kwa miguu kabla jua halijachomoza; kutoka Mabwepande, karibu kilomita 30, faida yote ingeishia mkononi mwa kondakta.

Hata hivyo sitajitakasa. Huku kwetu anayemwaga kifusi ili kuinua kiwanja chake humsukumia maji jirani, na jirani naye akipata fedha huleta kifusi cha kupita kile cha kwanza. Mvua kubwa ikianza usiku, wapo wanaoitumia nafasi hiyo kutapisha vyoo, kwa sababu gari la majitaka ni ghali na uchochoro wetu haulipitishi. Asubuhi watoto hucheza katika maji hayohayo.

Wakili wa Ukonga:

Ninakubaliana na mzee kuhusu paa, lakini tusiufanye ukweli huo kuwa kinga ya kila mtu. Wapo waliopewa viwanja Mabwepande wakaviuza na kurejea bondeni, na hao ni tofauti na mama huyu anayetafuta riziki. Linaloniudhi zaidi ni mikataba ya mauziano: mnunuzi anatoka mkoani wakati wa kiangazi, anaonyeshwa kiwanja kikavu chenye majani mazuri, karatasi inagongwa muhuri mtaani mbele ya mashahidi, na hakuna hata mmoja wao anayemwambia kwamba kila masika mahali hapo huwa mtoni. Alama nyekundu ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, ikichorwa ukutani, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2015, muhuri ule haumfidii.

Kuhusu Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa kupunguza mafuriko, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, ninauunga mkono, na daraja jipya la Jangwani lilihitajika. Wasiwasi wangu ni huu aliougusa mzee: huku chini tunainua daraja, kule juu tunazidi kuezeka. Ningependa kibali cha ujenzi kimdai mwenye nyumba aonyeshe kwenye ramani maji ya paa lake yatakwenda wapi.

Binti wa Tabata:

Shikamooni wazee wangu, na wewe mama, asante kwa ukweli wako. Kwetu Tabata mfereji wa bati umeelekezwa moja kwa moja barabarani, na sikuwahi kuuhusisha na habari za Jangwani. Mzee, tukiweka tangi la lita 1,000 litasaidia, au litajaa mara moja?

Mpimaji Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Kwa paa la mita za mraba 100, tangi hilo litajazwa na milimita 10 za mwanzo. Kwa hiyo weka bomba la kupitishia yanayozidi, liingie kwenye shimo lililojazwa kokoto, mbali na msingi wa nyumba na mbali zaidi na shimo la choo. Tena mlitumie kufulia nguo na kumwagilia mboga kabla ya mvua inayofuata, maana wengi huyahifadhi maji hadi tangi lenyewe likawa pambo. Lipime kwanza paa lenu, urefu na upana, uniandikie vipimo hapa.